Kuku wa kienyeji naye alikuja mgeni

Najua nimepotea, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani! Nilikuwa TP, mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya kata ambayo ukitaka mtandao unapanda juu ya kichuguu nyuma ya choo cha wavulana. Nimerudi Mlimani juzi usiku, bumu halijaingia, kwa hiyo nina muda mwingi na hela kidogo. Hali nzuri kabisa ya kuandika.

Leo nina deni nataka kulipa. Ilikuwa kidato cha kwanza, kipindi kile cha mchana ambacho hata mwalimu mwenyewe anasinzia. Mada: jinsi binadamu alivyoanza kufuga wanyama. Nikawaandikia ubaoni kama nilivyodesa: mbwa, kondoo, mbuzi, nguruwe, ng'ombe. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole. "Mwalimu, na kuku je? Yeye alianza kufugwa wapi?"

Kwenye madesa yangu kuku hayumo. Na siku hiyo msimamizi alikuwa amekaa pale nyuma, karibu kabisa na huyo binti, na fomu yake ya alama mapajani. Basi bwana, nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua: "Kuku ni wetu wa hapa hapa. Ndiyo maana tunamwita wa kienyeji." Darasa likacheka, msimamizi akaandika kitu, kengele ikalia. Baadaye yule binti akanifuata kunishukuru, akasema aliuliza kwa sababu yeye mwenyewe anao sita, ndio wanaomnunulia madaftari. Alinishukuru! Kwa jibu la uongo.

Tangu nirudi nimekuwa nikichimba, na mwalimu wa somo wa pale amekubali kwamba nikimtumia maelezo atawasomea watoto. Haya hapa chini ndiyo nitakayomtumia, nikishaondoa mambo ya kudisko na bumu.

Kuku si wa kwetu. Babu yake ni ndege wa porini wa Asia, kuku mwitu mwekundu, ambaye mpaka leo yupo kwenye misitu ya kule na anaruka vizuri tu mpaka juu ya miti. Mwaka 2020 wanasayansi walilinganisha vinasaba vya kuku na kuku mwitu 863, wakaona kwamba ukoo ulio karibu zaidi na kuku wa nyumbani ni ule unaoishi kusini magharibi mwa China, kaskazini mwa Thailand na Myanmar. Mwaka 2022 watafiti wengine wakapitia upya mifupa kutoka sehemu zaidi ya 600 katika nchi 89. Ile ya zamani zaidi ambayo kweli ni ya kuku wa kufugwa ilitoka Ban Non Wat, katikati ya Thailand, ya kati ya mwaka 1650 na 1250 KK. Vitabu vya nyuma vilikuwa vikitaja miaka 8,000 na zaidi, huko China kaskazini. Kumbe kuku ni kitinda mimba! Mbuzi na ng'ombe walikuwa wameshafugwa maelfu ya miaka kabla yake.

Kilichonifurahisha ni namna alivyoingia nyumbani. Hao watafiti wanasema ni mpunga. Watu wa kule walipoanza kulima mpunga na nafaka ndogondogo kwenye mashamba makavu, punje zikawa zinamwagika shambani na ghalani, na yule ndege wa porini akashuka kutoka mitini kuja kuokota. Hakuna mtu aliyekwenda msituni na kamba. Kuku alijileta mwenyewe, akazoea, akataga karibu, akabaki. Ukimwona Bibi yangu asubuhi anamwaga chenga uani na kuku wanakuja mbio kutoka kila kona, unaiona historia yote hiyo kwa dakika moja.

Sasa mtu atasema: haya, walimzoea, wakamla. Hapana. Hapa ndipo niliposhangaa zaidi, maana sehemu nyingi alikofika kuku hakuliwa, si mwanzoni. Alikuwa ndege wa ajabu, mwenye rangi kali na sauti ya kuamsha kijiji. Misri, kwenye Bonde la Wafalme, Howard Carter (yule yule wa kaburi la Tutankhamun) aliokota kipande cha chokaa chenye mchoro wa jogoo wa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Fundi mmoja wa makaburi alimchora jogoo kama mimi ningemchora twiga wa kwanza kumwona.

Ulaya alifika kama mwaka 800 KK. Zamani ilidhaniwa alifika mapema zaidi, ila mwaka 2022 walipopima umri wa mifupa 23 moja kwa moja, 18 ilikutwa ni ya karibuni kuliko ilivyoaminika. Uingereza kuku wa mwanzo wanakutwa wamezikwa wazima, mifupa haina alama ya kisu. Julius Caesar, aliyefika huko karne ya kwanza KK, aliandika kwamba wenyeji waliona ni mwiko kula jogoo, walimfuga kwa kujifurahisha tu. Waingereza hao hao! Hebu fikiria leo.

Warumi ndio walionichekesha mpaka jirani wa chumba akagonga ukuta. Jeshi lao lilisafiri na kuku watakatifu ndani ya vizimba. Kabla ya vita wanamwagiwa chakula: wakila kwa pupa, miungu imekubali, wakikataa, ahirisha. Mwaka 249 KK, karibu na Drepana kule Sicily, kamanda mmoja wa majini anaitwa Publius Claudius Pulcher alitaka kuwashambulia Wakarthago. Kuku wakagoma kula. Pulcher akakasirika, akaamuru watupwe baharini, akisema kama hawataki kula basi wanywe. Vita ikapiganwa, akapoteza meli zaidi ya 90. Aliporudi Roma alishtakiwa na kupigwa faini. Mimi nadhani wale kuku walikuwa wanaumwa bahari tu, lakini ndiyo hivyo, kuku alikuwa na mamlaka ya kuzuia vita.

Kumfuga kwa wingi kwa ajili ya chungu kulianza baadaye. Ushahidi wa mapema unatoka Maresha, mji wa kale ulioko Israeli ya leo, kati ya karne ya 4 na ya 2 KK. Kulikutwa mifupa zaidi ya elfu moja ya kuku, majike karibu mara mbili ya madume, maana yake mayai, na mingi ina alama za visu. Kwa hiyo tangu alipojileta mwenyewe shambani mpaka watu kuanza kumlia kwenye soko ni kama miaka elfu moja ya kutazamana.

Sasa turudi huku kwetu, maana swali la yule binti liko hapa.

Mifupa ya kuku ya zamani zaidi iliyopimwa vizuri kusini mwa Sahara ilitoka Mezber, Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, ya kati ya mwaka 820 na 595 KK. Pwani yetu kuna ugomvi wa wasomi, na ugomvi wenyewe ni mtamu. Profesa Felix Chami, aliyefundisha hapa hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 2001 kuhusu mifupa ya kuku kutoka pango la mawe ya chokaa Zanzibar, kwenye tabaka za zama za mawe. Hoja yake si ndogo. Kama kuku wa Asia alikuwa Unguja maelfu ya miaka kabla ya Kristo, basi watu wa pwani hii walikuwa wanasafiri na kufanya biashara ng'ambo ya bahari zamani mno, si kama tulivyofundishwa kwamba tulikaa tunasubiri jahazi la mtu mwingine. Nakiri moyo wangu unataka hoja hiyo ishinde.

Lakini mwaka 2017 kundi lingine lilichapisha utafiti wa mifupa kutoka sehemu 22 za Afrika Mashariki. Hawakutazama umbo peke yake, walipima vinasaba na protini za mifupa, kwa sababu mfupa wa kuku na wa kanga au wa kwale ukishavunjika na kukaa ardhini unafanana sana. Matokeo yao: kuku aliingia kuanzia katikati ya milenia ya kwanza BK, siyo 3000 KK. Na hakuja peke yake, walikuta panya mweusi naye ametoka Asia kipindi hicho hicho. Yaani mitego ya panya na mabanda ya kuku vina historia moja.

Mimi naegemea upande wa 2017, kwa shingo upande. Ila hata hivyo hoja ya bahari haifi. Kipindi hicho ndicho miji kama Unguja Ukuu ilipokuwa ikikua, na mwaka 1331 Ibn Battuta alipofika Mogadishu aliandikiwa mezani wali wenye samli na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Mchele wa Asia na kuku wa Asia kwenye sahani ya Mwafrika. Na tazama majina ya kuku wetu wenyewe. Yule asiye na mkia anaitwa bukini, na Bukini ndilo jina la zamani la Madagascar kwa Kiswahili. Mwingine anaitwa Msumbiji. Vinasaba vya kuku wa Tanzania pia vinaelekeza pande mbili, Bara Hindi na Asia ya Kusini Mashariki. Ukitaka kujua njia za majahazi, uliza kuku.

Halafu bara. Kwetu kuku, Waganda enkoko, Wanyarwanda na Warundi inkoko, Washona huku, Wazulu inkukhu. Mgeni gani anapewa jina linalofanana kuanzia Ziwa Victoria mpaka bahari ya kusini? Aliyepokelewa na kupitishwa mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, kama zawadi.

Nilipita nyumbani Singida siku mbili kabla ya kurudi Dar, nikamweleza Bibi haya yote. Bibi hakushangaa. Akasema, "Kama ni mgeni, mbona amekaa sana? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Nikacheka, halafu nikakaa kimya, maana ndivyo ilivyokuwa. Kuku alipewa jembe.

Kwanza alipewa saa. Kabla ya saa za ukutani, usiku ulikatwa na jogoo: jogoo la kwanza, jogoo la pili, na mtu aliyekesha ngomani tunasema alikaa hadi majogoo. Waislamu wamefundishwa wakisikia jogoo akiwika waombe fadhila za Mungu, kwa kuwa amemwona malaika. Wakristo tunamkumbuka Petro. Kisha akapewa ugeni: hakuna mgeni wa maana aliyelishwa mlenda peke yake wakati kuku anapita uani. Wakenya wakampa hata siasa. Chama cha KANU kilikuwa na alama ya jogoo, na kwenye nembo ya taifa lao mpaka leo kuna jogoo ameshika shoka.

Lakini jembe kubwa alilopewa kwetu ni benki. Singida mnajua inavyosifika kwa kuku, matenga yanapakiwa juu ya mabasi mpaka basi lenyewe linawika. Ng'ombe alikuwa wa babu. Mbuzi alikuwa wa babu. Kuku alikuwa wa Bibi, na hapo ndipo sare zangu, kalamu na nauli ya kwenda bweni vilipotoka. Mwaka niliomaliza kidato cha nne Bibi alikuwa na kuku kumi na tisa. Kikapita kideri, ugonjwa ambao vitabu vinauita wa Newcastle, uliotambuliwa mara ya kwanza Java mwaka 1926 na Uingereza mwaka uliofuata. Ndani ya wiki moja akabaki na tembe mmoja aliyekuwa na tabia ya kulala juu ya mti badala ya bandani. Nilichelewa kuripoti kidato cha tano wiki tano. Chanjo ilikuwepo, tone moja kwenye jicho, ila kijijini kwetu hakuna aliyetuambia. Siku hizi Bibi anachanja kila baada ya miezi mitatu, na anamfokea jirani asiyechanja kama vile anafokea mlevi.

Sasa cha ajabu: huyu mwenye kuku hali yai. Alipokuwa msichana waliambiwa mwanamke akila mayai hatazaa vizuri, au atazaa mtoto asiye na nywele, inategemea umemuuliza shangazi gani. Mila za namna hiyo zilikuwepo sehemu nyingi za Afrika. Na firigisi, wote mnajua, ni ya baba. Aliyefuga ni mama, aliyechinja ni kijana, aliyepika ni binti, firigisi ya baba. Safari hii Bibi alichinja jogoo kwa ajili yangu, na kwa kuwa babu hayupo tena, firigisi ikaja kwenye sahani yangu. Dada yangu, ambaye ndiye aliyekimbizana na huyo jogoo asubuhi, alikuwa ananitazama. Nikaikata, nikampa nusu. Bibi akaguna, "Haya, mmeanza mambo yenu ya chuo." Lakini hakumzuia. Dada alisema ni ngumu tu, haina utamu wowote wa kugombania.

Nimeshaandika mengi, nimalizie na huyu wa pili, wa kisasa.

Mwaka 1923 mama mmoja wa Delaware, Marekani, Cecile Steele, aliagiza vifaranga 50 wa mayai, akaletewa 500 kwa makosa. Hakuwarudisha. Akawakuza, akawauza kwa nyama, akapata faida, mwaka uliofuata akaongeza. Hapo ndipo ufugaji mkubwa wa kuku wa nyama unapohesabiwa kuanzia. Miaka ya 1940 Wamarekani wakafanya hata mashindano ya kumtafuta kuku wa kesho, mwenye kifua kinene kuliko wote. Watafiti wa Kanada waliwahi kulea pamoja kuku wa mbegu ya mwaka 1957 na wa mbegu ya 2005, chakula kile kile. Siku ya 56, wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 2005 gramu 4,202. Siyo kwamba alikula vizuri zaidi. Ni kiumbe kingine. Na duniani wakati wowote kuna mabilioni ya kuku, wengi wao wa namna hiyo.

Huyo ndiye anayekaangwa pale nyuma ya hosteli na chipsi, na sijifanyi mtakatifu, bumu likiingia mtanikuta hapo wa kwanza. Ila kuna jambo nimelifikiria nikiwa kwenye foleni. Huyu kuku anachinjwa wiki ya tano au ya sita. Jogoo anaanza kuwika akiwa na miezi mitatu, minne. Kwa hiyo mabilioni ya majogoo wanakuja na kuondoka bila hata mmoja kuwika. Ile kazi ya kwanza iliyompa heshima kote alikopita, tumemwondoa kabla hajaifikia.

Na hapo ndipo nimepata jibu langu la darasani lilikosea wapi. "Kienyeji" si asili ya kuku. Bibi anasema alipokuwa mdogo hakuna aliyesema kuku wa kienyeji, alikuwa kuku, basi. Ni yule wa kisasa alipoingia ndipo huyu akahitaji jina la pili. Mgeni wa kwanza akafanywa mwenyeji siku alipokuja mgeni wa pili, na bei yake ikapanda hapo hapo. Hata mpaka nao umeingia. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya walichomwa moto Namanga, sababu iliyotolewa ikiwa hofu ya mafua ya ndege, na watu wa pande zote mbili wakarushiana maneno wiki nzima. Ndege aliyevuka bahari na majahazi na kupewa jina moja na makabila yote haya, sasa anaulizwa karatasi.

Basi, kwa binti wa dawati la nyuma: kuku alianza kufugwa Asia ya Kusini Mashariki, yapata miaka 3,500 iliyopita, kwenye mashamba ya mpunga, na kwetu aliingia baadaye sana, kwa Bahari ya Hindi na pengine kwa njia ya kaskazini pia. Jibu nililokupa siku ile lifute kwenye daftari, usije ukaliandika kwenye mtihani. Na wale sita wako wachanje kideri kabla ya kiangazi. Ofisi ya mifugo ya kata watakuelekeza, chupa moja inatosha kuku wa majirani wote, mchange.

Wadau, ngoja niishie hapa. Kuna kelele korido nzima, nadhani kuna mtu simu yake imeingia ujumbe wa benki.